Hiyo kijani ya kiangazi siiamini

Juzi niliwekewa mezani ramani mbili za uchafuzi wa Ziwa Kivu, upande wetu wa mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo: moja ya majira ya mvua, nyingine ya kiangazi. Ile ya mvua ilikuwa na doa jekundu pale Mto Kawa unapoingia ziwani. Ile ya kiangazi, kijani tupu. Wenzangu wakafurahi kwamba ziwa limejisafisha.

Nikainamia kile kisanduku cha rangi kilichoko pembeni. Nyekundu ya kiangazi ilianzia kwenye kiwango mara nne ya kile cha mvua! Doa lile lile la Kawa, ukilihamishia ramani ya pili, linageuka kijani. Tena kituo cha kuchotea sampuli za maji mdomoni mwa mto hakikuwepo kabisa kiangazi. Kompyuta ilijaza pengo kwa kukisia kutoka vituo vya jirani, vilivyoko mbali na ufuko. Kwangu mimi hiyo si ramani ya kuonyesha watu. Vituo viwe vilevile, kina kilekile, kipimo cha rangi kimoja, ndipo tulinganishe.

Maana misimu yenyewe inachanganya vya kutosha. Kuanzia Septemba mvua inakokota matope, chupa na maji ya vyoo kutoka miteremko ya Kadutu, mtaa wa Bukavu, hadi ziwani. Chupa zinaelea mpaka Ruzizi, mto unaotoka ziwani, ambako plastiki imeshakwamisha mitambo ya umeme. Kiangazi, Juni hadi Agosti, mto unapungua, lakini upepo unapoza maji ya juu, yanajichanganya hadi mita 60 hivi kwenda chini, na virutubisho vinapanda. Mwani unaongezeka, chakula cha viumbe wadogo wanaoliwa na sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu. Kwa hiyo anayepima mwani peke yake ataona ziwa "limechafuka" Julai, wakati kilichopanda kimetoka kilindini, si mjini.

Jumamosi nilishuka hadi ufukoni. Mama mmoja alikuwa akisuuza sombe, majani ya muhogo, hatua chache kutoka mdomo wa Kawa, mwanawe akijaza bidoo la njano. Maji yalikuwa na povu la kijivu. Hapo ndipo kituo kilipoachwa.

Nimeomba kirudishwe kabla ya mvua za kwanza za Septemba, na ramani zote mbili zichorwe upya kwa kipimo kimoja. Mpaka hapo, ile ya kijani isibandikwe ukutani.