Kabla ya kununua betri ya pili

Sola ikianza kuzimika saa tatu usiku, karibu kila mtu hufikia uamuzi uleule: betri ni ndogo, tuongeze nyingine. Fundi naye huitikia haraka, maana betri ndiyo inayouzika. Mimi napinga. Mara nyingi betri iliyopo inatosha kabisa, ila paneli ya kuijaza ndiyo haipo. Kuongeza betri na kuacha paneli ileile ni kualika wageni wengine huku sufuria ni lilelile.

Tupige hesabu. Betri ya ampea-saa 100 (ampea-saa ni kipimo cha umeme unaowekwa ndani ya betri) ukiitumia hadi nusu, umetoa 50. Kuzirudisha kunataka kama 55, kwa sababu chaji yote inayoingia haihifadhiwi. Paneli ya wati 50 hutoa ampea zisizofika 3 jua likiwaka sawasawa. Ukipata saa tano za jua la nguvu, umevuna kama ampea-saa 14. Yaani siku nne bila kuwasha hata taa moja ndipo betri ijae. Nani atakaa gizani siku nne na sola anayo? Taa zinawashwa jioni ileile, na betri haijai kamwe. Sasa funga betri ya pili, ufike ampea-saa 200. Mavuno bado ni 14.

Na kutojaa ndiko kunakoua betri ya risasi na asidi. Inapotoa umeme, sahani zake hujijengea salfeti ya risasi. Ukiichaji mapema, salfeti hiyo bado ni laini na huondoka. Ikiachwa wiki baada ya wiki, inakomaa na kuwa fuwele ngumu zisizoondolewa na chaji ya kawaida, na eneo lile la sahani halifanyi kazi tena. Betri iliyoandikwa 100 inabaki na 60, kisha 40, na mwenyewe anaapa kwamba aliuziwa feki. Feki zipo, sikatai. Ila nyingi zinazolaumiwa zilikuwa nzima, zikafa njaa.

Kinachowadanganya wengi ni taa ya kijani kwenye kontrola ya chaji, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri. Katika kontrola nyingi za bei nafuu, taa hiyo husema tu kwamba volti zimepanda. Betri kavu ya volti 12 (iliyofungwa, isiyoongezwa maji), aina ya AGM, inataka kufikishwa kwenye volti kama 14.4 hadi 14.7 kisha ishikiliwe hapo kwa saa kadhaa, huku ampea zikishuka zenyewe taratibu. Asilimia 20 ya mwisho ni ya polepole, na hakuna njia ya mkato. Ikishajaa, inashushwa na kushikiliwa kwenye 13.6 hivi. Ya jeli inataka volti pungufu kidogo, kama 14.1 au 14.2, kwa hiyo soma maandishi ya ubavuni mwa betri na uchague aina yake kwenye kontrola badala ya kuiacha kama ilivyotoka dukani. Ile chaji kali ya kusawazisha seli, inayofika volti 15 na zaidi, ni ya betri za maji. Kwenye betri kavu izime. Gesi ikizidi inatoka nje kupitia vali, maji yanapungua, na hakuna kifuniko cha kufungua ili uyaongeze.

Ukitaka ukweli, tafuta testa, kile kifaa cha kupimia volti. Pima alfajiri kabla jua halijagusa paneli, vifaa vyote vikiwa vimezimwa kwa muda. Volti 12.8 ni betri iliyojaa, 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 12 unaiumiza. Kupima saa sita mchana hakukuambii kitu, maana unachosoma hapo ni volti za chaji inayoingia.

Joto nalo lina lake: kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri hupungua kwa karibu nusu. Iwekeni penye hewa, tena mbali na sanduku la chuma linalopigwa na jua.

Kuna jambo jingine ambalo sijui kwa nini mafundi hawalisemi. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, hufungwa moja kwa moja kwenye betri, haipiti kwenye kontrola. Kwa hiyo ile kinga ya kontrola ya kukata umeme betri ikishuka haiihusu. Inveta nyingi hukata zenyewe, lakini kwenye volti 10.5, na kwa vifaa vidogo vya nyumbani hapo betri imeshakauka kabisa. Kama ya kwako inaruhusu kurekebishwa, ipandishe ifike 11.8 hivi. Kama hairuhusu, zima mwenyewe kabla ya kulala.

Basi ongeza paneli kwanza: kwa betri moja ya 100, wati 200 hivi. Iache ijae kwa siku kadhaa za jua zuri. Ikiwa inafika jioni imejaa, matumizi ni yaleyale, na alfajiri bado testa inasoma chini ya 12.2, hapo nami nakubali kwamba betri haitoshi. Ila nunua mbili mpya za aina moja kwa pamoja. Ya zamani ikifungwa na mpya, itaivuta chini hiyo mpya.