Mama mwenye nyumba kaondoka na Freddie

Mhamiaji mchoraji usimtembelee na nguo nyeupe jamani. Mimi nachora wanamuziki tu, brashi haiendi bila spika kunguruma, na wiki ile nilikuwa na oda ya Freddie Mercury, mhamiaji mwenzangu yule, kazaliwa Unguja 1946 akahamia Uingereza na familia yake 1964. Nikamvika lile koti la njano alilovaa kwenye shoo ya uwanja wa Wembley, London, 1986, ngumi juu, masharubu nikayabandika kwa kisu, rangi nyeusi nene haswa. Sasa rangi ya mafuta haikauki kama maji, inagandishwa na hewa polepole, ikiwa nene unaweza kumaliza wiki bado inanata. Chumba chenyewe hakina nafasi, nikamlaza Freddie chali kwenye kiti, kiti pekee nilichonacho.

Mama mwenye nyumba huwa anagonga huku ameshaingia. Kaja kudai kodi, suruali nyeupe pee, nami ile nanyanyua mkono niseme "madam subi..." kashakaa.

Nikanyamaza. Unaanzaje kumwambia mtu anayekudai kodi kwamba kamkalia mtu usoni? Akanisomea masharti yote, kelele, miziki, harufu ya tapentaini, na kila akijisogeza nasikia chwaa. Alipoinuka, turubai likainuka naye kidogo halafu likadondoka pap! Andy Warhol, yule msanii wa Marekani, mtoto wa wahamiaji naye, 1962 alichapa picha ya mwigizaji Marilyn Monroe kwa skrini ya kupitishia rangi, mimi Freddie wangu kachapwa kwa makalio, tena kageuka kulia kushoto, masharubu yako katikati pale pale unapopafikiria na kila akipiga hatua yanatabasamu.

Nikamfuata kwenye ngazi na tambara mkononi, sasa hebu wewe fikiria mwanaume anamkimbiza mama wa watu na tambara huku anamwonyesha kidole nyuma, majirani milango yote wazi, vijana wa chini wakaanza kushangilia, yeye akadhani anasalimiwa akawapungia mkono! Kuja kujiona kwenye kioo cha lifti, weee, ule ukelele hata spika yangu haifiki.

Suruali imeingia kwenye deni la kodi. Ila mwenye oda alipoiona ile picha uso umevurugika akasema hapa ndipo penye hisia, akalipa bila kupunguza, na anataka nyingine kwa staili ile ile. Kwa hiyo kiti nimekifuta vizuri, nawaza tu namna ya kumkaribisha yule mama akae tena.