"Idara ya Mahakama": tunalionea hili neno

Kuna hoja inazunguka hapa Nairobi, utaiskia kwa mawakili, kwa walimu wa Kiswahili na siku hizi hata ndani ya matatu redio ikisoma taarifa, ati kusema "Idara ya Mahakama" ni kosa na tena ni kuidharau Mahakama. Yenyewe ni fupi: serikali ina mihimili mitatu, Mahakama ni mmoja wao, na mhimili hauwezi kuitwa idara juu idara ni kitu kiko chini ya mtu. Idara ya Uhamiaji iko chini ya waziri, Idara ya Magereza pia, sasa Jaji Mkuu unamweka aje kwa hiyo laini?

Si hoja ya kuchekwa. Anayeisema ako na historia. Mwaka wa 1988 Bunge lilirekebisha katiba likawaondolea majaji ulinzi wa kazi yao, wakarudishiwa 1990, na katikati hapo ukiambiwa mahakama ni idara kama ile ya maji ungekosa la kujibu. Katiba ya 2010 ndio ikaja ikaandika kwenye kifungu cha 160 kwamba mahakama inafuata katiba na sheria tu, haipokei amri ya mtu. Kwa hivo mtu akisema jina la zamani limebaki na harufu ya zamani namwelewa.

Lakini hili neno tunalionea, na kinachotuponza ni Kiingereza. Idara ni Kiarabu, ni kitendo cha kuendesha na kusimamia, na kitenzi chake maana yake ya kwanza ni kuzungusha. Mzizi huo huo ndio ulitupa duara na duru, na hata ile Dar ya Dar es Salaam, yaani nyumba, inatoka hapo. Anayeendesha ni mudir, nenda Eastleigh uulize mkuu wa madrasa anaitwa nani, na Zanzibar enzi za Waingereza mudir alikuwa mtawala wa eneo lake. Ndio, Waarabu nao wana idara ya trafiki, lakini wakitaka kusema kipande, kitu kilichogawanywa, wana neno lingine kabisa, qism.

Habari ya kipande imetoka kwa dipatimenti. Hilo ni la Wafaransa, kutoka kwa kitenzi cha kugawa, na mwaka wa 1790 waliikata nchi yao vipande 83 wakaviita hivo. Waingereza wakalichukua, wakatuletea ofisini, sisi tukaweka idara mahali pake, alafu pole pole maana ya kipande ikaingia ndani ya neno ambalo halikuwa nayo. Sasa mtu anakasirikia dipatimenti anaadhibu idara.

Najua nitajibiwa: asili ya neno si maana yake, mtu wa Kayole hajasoma Kiarabu, akiskia idara anawaza foleni ya pasipoti pale Nyayo House. Kweli, sipingi. Ila basi tuende na matumizi mpaka mwisho, tusiyaache nusu njia. Huyo huyo mtu wa Kayole akiskia Idara ya Mahakama hajawahi kudhani Jaji Mkuu anapokea maagizo kwa waziri fulani. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais, taarifa za Kiswahili zilikuwa zinasema Idara ya Mahakama kama kawaida na hakuna msikilizaji aliyeuliza idara imepata wapi nguvu ya kufuta uchaguzi. Ama angalia neno waziri. Katiba ya 2010 ilibadilisha cheo chenyewe kwa Kiingereza, kutoka Minister hadi Cabinet Secretary, na ikasema wazi mtu huyo asiwe mbunge, sisi kwa Kiswahili tukabaki tu na waziri, na hakuna aliyechanganyikiwa.

Alafu kuna shida ambayo wanaosahihisha wenzao huwa hawaigusi, na kwangu hii ndio kubwa. Ukitoa idara unabaki na nini? Mahakama. Lakini mahakama ni mahali pa kutolea hukumu, ni lile jengo la Milimani, ni jaji mmoja amekaa na faili yake, na pia ni taasisi nzima na makarani wake na bajeti yake. Na neno lenyewe halibadiliki, moja ni mahakama, mia ni mahakama. Sasa karani amefutwa, ameshtaki mwajiri wake kwenye korti ya leba, ameshinda. Msomaji wa habari atasema nini, "mahakama imeiamuru mahakama imlipe"? Utaniambia andika M kubwa. Sawa, kwa gazeti itasaidia, lakini kwa redio M kubwa inaskika aje? Na "Mhimili wa Mahakama" jaribu kuisema mara tatu kwa taarifa ya dakika mbili uone. Idara hapo inafanya kazi ya maana, inakuambia tunaongea kuhusu wanaoiendesha hiyo nyumba, hatuongei kuhusu hukumu. Ambayo, kwa bahati, ndio maana yake ya Kiarabu.

Watanzania wameandika "Mahakama ya Tanzania" na wanaongea vizuri tu kuhusu mihimili, kwa hivo kwa barua rasmi na vibao vya ofisi sisi pia tunaweza kuandika Mahakama ya Kenya, sina vita na hiyo. Vita yangu ni mtangazaji kukatizwa hewani ati ametusi majaji. Majaji wametusiwa na mambo mengine. Kifungu cha 173 cha katiba kilianzisha Hazina ya Mahakama, yaani mfuko wake wa pesa, tangu 2010 na sheria ya kuiendesha ikapitishwa 2016, na bado Novemba 2019 Jaji Mkuu Maraga alitoka hadharani kulalamika bajeti imekatwa. Mwaka huo huo Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41, Rais Uhuru Kenyatta akakaa na majina mpaka Juni 2021 akaapisha 34, na huko kote hakuna mahali shida ilikuwa wameitwa idara.