Mbwa wa watu, ndege wangu

Saa nzima nimejibanza kwenye matete kando ya wangwa, darubini jichoni, maji yameshapenya hadi soksi. Vitwitwi wanasogea kidogo kidogo wakidonoa tope. Mmoja anavuta mnyoo, unanyooka kama uzi. Mara: "Simba! Simba, rudi!" Mbwa huyo, majini chubwi, na ndege wote juu. Mwenyewe ananipungia mkono akicheka, eti anapenda kucheza tu. Kucheza! Vuli hii ndege hawa wako safarini, kila mnyoo ni mafuta ya njiani. Mwaka 2022 sululu mmoja, ndege wa jamii yao, aliruka kilomita 13,560, Alaska hadi Tasmania, bila kutua. Na kamba ya mbwa huyu mwenyewe anayo jamani, kaivaa shingoni yeye.