Kabla hujamkatia mzee diclo, muulize presha

Simama kwenye duka la dawa jioni, utamsikia mzee akisema, "Mwanangu, nipatie diclo, magoti hayanipi usingizi." Muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge kumi, anatia kwenye kibahasha na kuandika 1x3. Akiuliza lolote, ni vidonda vya tumbo. Presha haitajwi.

Hilo linaniuma. Diklofenaki (ndiyo hiyo diclo), ibuprofen na jamii yao huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe. Lakini baadhi ya kemikali hizohizo hutanua mishipa, huzuia damu isigande ovyo na kusaidia figo kutoa chumvi na maji. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza dawa ya presha kila asubuhi na presha isishuke, miguu ikaanza kujaa. Kidonge cha magoti kinampinga mwenzake.

Si habari mpya. Vioxx, dawa ya maumivu iliyo ndugu wa diclo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1999, ikasifiwa kwa kutoumiza tumbo. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wa baridi yabisi: waliopewa Vioxx walipata mshtuko wa moyo zaidi kuliko waliopewa naproxen, dawa nyingine ya maumivu. Merck, kampuni iliyotengeneza Vioxx, ikajitetea kwamba naproxen ndiyo iliyolinda moyo. Vioxx ikabaki sokoni hadi Septemba 2004. Miaka minne! Watu wenye maumivu waliendelea kuimeza kwa imani.

Diklofenaki kwa kipimo kikubwa ina hatari kwa moyo inayokaribia ile ya dawa za aina ya Vioxx. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisema isitumiwe na wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi. Kwetu bado inauzwa kama pipi.

Simwambii mtu avumilie. Bibi anayeshindwa kusujudu kwa ajili ya goti anastahili nafuu. Aanze na jeli ya kupaka, maana dawa inayofika kwenye damu ni kidogo sana. Ikibidi kidonge, kiwe kipimo kidogo kinachomtosha, kwa siku chache, na presha ipimwe; hatari yaweza kuanza ndani ya wiki za mwanzo. Na anayetumia aspirini ya moyo asijichanganyie ibuprofen bila kumwona daktari, kwani yaweza kuizuia aspirini isifanye kazi.

Wauzaji wa dawa, nawaomba muongeze maswali mawili tu: "Mzee, una presha? Umewahi kuambiwa una tatizo la moyo?" Akisema ndiyo, wekeni mkasi chini, mwelekezeni kwa daktari.