Mindimu ya Vyunguni Tunaiua kwa Maji

Juzi jioni nimekuta mndimu umetupwa kwenye pipa la takataka la ghorofa letu, mzima mzima na bonge lake la udongo. Haukuzidi kimo cha kiuno, mche wa kubebesha, yaani kikonyo cha mndimu kimeunganishwa juu ya shina la mti mwingine, na kovu la kubebeshea bado linaonekana juu kidogo ya udongo. Nikainama nikavuta mzizi mmoja. Ganda lake likabaki vidoleni mwangu, limelainika, na kilichosalia kwenye udongo kikawa uzi mwembamba tu. Mizizi mingine ilikuwa myeusi na harufu yake ni ya mtaro. Mwenye mti nikakutana naye kwenye ngazi. "Nimeumwagilia kila siku, shoga yangu, asubuhi na jioni, kama alivyoniambia aliyeniuzia. Basi tu, mkono wangu haukubali mimea."

Nimekasirika, na hasira hazijanitoka hadi leo. Mkono wa yule mama hauna tatizo lolote. Amefanya yote aliyoambiwa, kwa bidii na kwa upendo, na yote aliyoambiwa ndiyo yaliyoua mti wake. Hadithi hii naisikia Dar nzima, kwenye mabaraza ya Sinza na Kariakoo, kwenye roshani za Upanga, tangu nyua zilipoanza kufunikwa kwa vitofali na mndimu wa nyuma ya jiko ukakosa mahali pa kusimama. Watu wanataka ndimu zao. Wanataka kutoka mlangoni kuchuma mbili za samaki, Ramadhani wasihangaike nazo sokoni. Wananunua mche mfupi wa kuweka kwenye chungu, na baada ya miezi michache unakufa. Kisha wanajilaumu wenyewe.

Muuzaji naye simlaumu kwa yote, kwa sababu alichosema ni kweli pale alipokisemea. Pale kando ya barabara mche umo ndani ya kiriba cheusi cha nailoni, kimetobolewa pembeni na chini, kimekaa juu ya mchanga, jua linakipiga kutwa nzima na upepo wa magari haukatiki. Kiriba cha namna hiyo kinakauka upesi sana. Asipomwagilia kila siku, mche unamfia mikononi. Shida ni kwamba ushauri unafuatana na mche hadi nyumbani, hali mazingira ya kiriba yamebaki barabarani. Nyumbani mche unahamishiwa kwenye chungu kikubwa cha saruji, udongo mara kumi ya ule wa mwanzo, kwenye baraza lenye kivuli nusu ya siku, na mizizi bado ni ile ile michache. Maji ya asubuhi hayajanywewa hata robo, ya jioni yanamiminwa juu yake.

Na chungu chenyewe hakina tundu.

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Mafundi wa vyungu vya saruji wanajua kutoboa. Wengine wanaacha kwa sababu wateja wanalalamika kwamba maji yanachafua vigae. Wengine wanaacha tundu moja la kupitisha kidole cha mwisho, nalo limezibwa na saruji iliyodondokea humo. Kabla hujatoa hela, kipindue chungu. Ingiza kidole. Kama hakipiti, mwombe fundi akitoboe hapo hapo kwa drili, matundu manne au matano yenye upana wa kidole gumba. Akisema chungu kitapasuka, mwachie chungu chake. Kizuri kisichotoboka kiwekee maua ya plastiki.

Mzizi unapumua. Unavuta oksijeni iliyo kwenye vinafasi kati ya chembe za udongo, na vinafasi hivyo vikijaa maji siku nenda rudi, mzizi unakosa hewa na unaanza kufa kuanzia nchani. Udongo uliotota ndipo pia Phytophthora wanapopata raha: ni vimelea ambavyo vijimbegu vyake vina mikia na vinaogelea majini hadi kwenye mizizi michanga. Wanaozesha ganda la mzizi likachomoka kama soksi, na ndicho nilichobaki nacho mkononi pale kwenye pipa. Wakipanda hadi kwenye shina, gome linapasuka na kutoa gundi ya rangi ya kahawia. Kwa michungwa, mindimu, michenza na mialimau ya kwetu hatari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu miche mingi imebebeshwa kwenye shina la mlimau wa kienyeji wenye tunda la ganda la vinundu. Shina hilo lina nguvu na linapenda ardhi ya kichanga yenye kina, lakini kwa kuoza mizizi ni dhaifu. Shina la mdanzi, mchungwa ule mchungu, linavumilia zaidi udongo mbichi, ila mti uliobebeshwa juu yake unapatwa vibaya na virusi vya tristeza, kwa hiyo si jibu rahisi.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi mti unavyodanganya macho. Mndimu uliozama unanyauka sawasawa na mndimu wenye kiu. Majani yanajikunja, yanalegea, machipukizi yanainama, kwa sababu mizizi iliyooza haiwezi kuvuta maji hata kama imelala ndani yake. Mwenye mti anaona mnyauko, anakimbilia ndoo. Anaongeza. Mti unazidi kunyauka, naye anazidi kuongeza. Ni huruma yake ndiyo inayommalizia mti. Kwa hiyo usiulize jani, uliza udongo. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Ukigusa ubichi, ondoka, kesho utarudi. Ukigusa ukavu, mwagilia hadi maji yatoke chini kwa matundu yote, kisha usiguse tena mpaka kidole kikwambie. Chungu kidogo unaweza hata kukinyanyua. Baada ya muda mkono utajua uzito wa kilichokauka.

Mtu ataniambia ameweka kokoto chini ya chungu, kwa hiyo maji yanapita. Hayapiti. Chukua dodoki, liloweshe, lishike hewani mpaka liache kudondoka, halafu ulibonyeze ncha ya chini: bado limejaa maji. Udongo nao ni hivyo hivyo, sehemu yake ya chini kabisa hubaki imeshika maji hata kama yanayotiririka yamekwisha. Ukitia kokoto unakipandisha tu hicho kitabaka kilichotota, unakileta karibu zaidi na mizizi, na unapunguza udongo mzuri. Jaza mchanganyiko mmoja kuanzia chini hadi juu. Mimi natumia udongo wa juu wa bustani, samadi iliyooza kabisa hadi haina harufu, mchanga mnene wa mtoni, na pumba za mpunga au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuoshwa. Mchanga wa ufukweni usiusogeze karibu. Una chumvi, na jamii hii ya miti chumvi haiiwezi.

Hapo hapo niseme la maji ya kisima, maana wengi tunaoishi pwani ndiyo tunayotumia. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na kwenye chungu chumvi haina pa kwenda, inajilimbikiza kila unapomwagilia kidogo kidogo. Ncha za majani zinaungua rangi ya kahawia, na utaona utando mweupe ukingoni mwa chungu. Masika ikianza toeni vyungu nje viogeshwe na mvua, yenye kupita na kutoka chini. Wakati wa kiangazi, mara moja moja mimina maji mengi ya bomba au ya mvua uliyokinga, yapite yote. Hii nayo haiwezekani kwa chungu kisicho na tundu. Kila njia inarudi kwenye lile tundu.

Nakubali, kuna wakati kila siku ni sawa. Januari na Februari, kaskazi inavuma, chungu kidogo kilicho juu ya paa au roshani inayotazama magharibi kinaweza kuhitaji maji kila asubuhi. Nakubali pia kwamba kila mtaa una mndimu mmoja uliopandwa kwenye ndoo ya rangi isiyotobolewa na unazaa. Nendeni mkamuulize mwenyewe anamwagilia lini. Mara nyingi anausahau.

Na kiu kidogo si adui. Wakulima wa Muheza, ambako machungwa tunayokula yanatoka, wanaijua miti yao: inapitia kiangazi ikiwa imebana, mvua zikirudi inachanua. Ukavu wa kadiri ndio unaouamsha mchungwa kutoa maua. Mti unaokunywa asubuhi na jioni mwaka mzima unatoa majani na majani tena, kisha mtu anauliza kwa nini hauzai.

Sasa majani ya njano. Nimechoka kusikia "tia mbolea". Tazameni ni majani gani. Majani ya zamani yakiwa njano yote, mti una njaa ya naitrojeni, hapo samadi au mbolea kidogo inasaidia. Majani mapya yakiwa njano na mishipa imebaki kijani, ni madini ya chuma hayafiki, na kwenye vyungu vyetu sababu huwa ni mizizi iliyozama au chokaa inayotoka kwenye saruji na maji ya kisima. Madini yanaweza kuwemo udongoni tele, mzizi hauwezi kuyachukua. Ukimwaga urea juu ya mizizi inayooza unaunguza kilichobaki.

Mengine nayapitia haraka. Jua la moja kwa moja angalau saa sita. Kovu la kubebeshea lisifunikwe na udongo hata kidogo. Machipukizi yanayotoka chini ya kovu yakatwe mara yanapoonekana, maana ni ya lile shina la chini, yana miiba na nguvu, na yakiachwa yanaumeza mndimu wako. Ufupi nao hauji na mche: kule Marekani na Australia wanabebesha kwenye shina la Flying Dragon ambalo kweli linadumaza mti, hapa kwetu mti unabaki mfupi kwa mkasi na kwa ukubwa wa chungu. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani kutwa, geuza majani, utakuta vidukari au wadudu magamba wanaochungwa na sisimizi hao. Osha kwa maji ya sabuni. Na wale viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege, ambao wakikua wanakuwa kijani na ukiwagusa wanatoa pembe mbili za rangi ya machungwa zenye harufu kali, ni watoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Mche mdogo wanaweza kuumaliza majani. Waokote kwa mkono. Kama ua una mlimau mkubwa, wahamishieni huko, kipepeo wake ni mzuri kweli na watoto hufurahi kumwona akitoka kwenye ganda.

Kuna jambo moja ambalo tundu haliponyi, nalo ni ugonjwa wa kijani wa jamii ya machungwa. Ule wa asili ya Afrika upo miaka mingi sehemu za baridi. Lakini mwaka 2016 watafiti walichapisha taarifa kwamba mdudu anayeeneza ule wa Asia, Diaphorina citri, ameonekana Tanzania, naye anapenda joto letu la tambarare. Dawa ya kuuponya mti haipo. Florida, Marekani, ugonjwa huo uligunduliwa mwaka 2005, jimbo lililokuwa likivuna makasha zaidi ya milioni 200 ya machungwa kwa msimu, na msimu wa 2022/23, baada ya ugonjwa na vimbunga, hayakufika milioni 20. Kwa hiyo msibebe miche kutoka mkoa hadi mkoa kwenye buti la gari bila kujua imetoka kitalu gani. Jani lenye mabaka ya njano yasiyolingana upande huu na huu wa mshipa wa kati ni dalili ya kumwita bwana shamba, na mti ukithibitika uondolewe.

Ila kwenye roshani na mabaraza, mizizi kuzama ndicho kifo ninachokiona mwaka baada ya mwaka. Kule Versailles, Ufaransa, kuna jengo la kuhifadhi miti ya machungwa lililojengwa kati ya 1684 na 1686, na michungwa iliyomo imepandwa kwenye masanduku ya mbao. Mingine ina zaidi ya miaka 200. Miaka 200 ndani ya sanduku, nchi yenye theluji! Ubavu wa sanduku hufunguka ili mtunza bustani aione mizizi na kuipogoa. Wanatazama chini. Sisi tuna jua la mwaka mzima na tunatazama majani tu.

Yule mama nimemwomba mti wake, na amenipa. Kama wa kwenu nao umefika hapo, msiutupe kwanza. Uchomoeni taratibu, mwageni udongo wote mbichi, kateni mizizi yote myeusi kwa mkasi safi hadi mfike penye weupe. Juu nako punguzeni theluthi ya matawi, na matunda yote yatoke hata kama roho inauma, kwa sababu mizizi iliyobaki haiwezi kuyalisha. Upandeni kwenye chungu kinachoitosha hiyo mizizi iliyobaki, kidogo kuliko cha mwanzo, chenye matundu, kilichoinuliwa juu ya vipande vya tofali ili hewa ipite chini na maji yasirudi. Kama kuna sahani, imwagwe maji yakishachuruzika. Mwagilia mara moja, weka kwenye kivuli chepesi wiki mbili tatu, kisha usogeze juani pole pole. Mbolea isubiri mpaka majani mapya yafunguke na kukomaa.