Mofini Bila Dawa ya Choo Ni Kazi Nusu

Siku ya tano Mama alifumba mdomo akaikataa mofini, ile dawa kali ya maumivu. Hakuwa akiogopa uraibu, ingawa majirani zetu hapa Umoja walikuwa wakinong'ona hayo ngazini. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, na hakuwa ameenda haja kubwa tangu tufungue ile chupa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpimia dawa kila baada ya saa 4, na sikuwa nimemuuliza. Mtoto wa kiume anamuulizaje mamake habari za choo? Dada yangu ndiye aliyeuliza, kwa simu kutoka Mombasa, akajibiwa papo hapo.

Aibu hiyo ni yetu, naikubali. Lakini kuna isiyo yetu. Hospitali ilitupa mofini, sindano ya plastiki ya kupimia na maelezo ya saa. Dawa ya kulainisha choo haikuandikwa wala kutajwa.

Na si jambo la kubahatisha. Mofini hutuliza maumivu kwa kushika vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea dawa, vilivyo kwenye ubongo na uti wa mgongo, na vipokezi hivyo hivyo vimejaa kwenye kuta za utumbo. Utumbo unapoa, chakula kinatembea polepole, maji yanafyonzwa njiani, kinachobaki ni changarawe. Kichefuchefu na usingizi kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, mwili ukizoea. (Usingizi mwingine ni deni la zile usiku alizokesha akiugulia, kwa hiyo msikimbilie kusema dawa imemlevya.) Utumbo, ole wetu, hauzoei. Mgonjwa akiwa kwenye mofini miezi sita, shida ya choo nayo itamfuata miezi sita.

Ndiyo maana nasema senna au bisakodili, dawa za kuamsha utumbo, iandikwe kwenye karatasi ile ile ya mofini, siku ile ile, kabla mgonjwa hajafunga choo. Ni vidonge vya kawaida kabisa. Sisi tulihangaika na papai na uji wa wimbi mpaka Mama akachukia rangi ya papai. Papai halina ubaya, ila haliamshi utumbo uliolazwa na mofini, na nyuzinyuzi bila maji ya kutosha ni kuongeza abiria kwenye matatu iliyokwama matopeni.

Jirani mmoja, kwa nia njema, alileta diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu: "Mpe hii, haifungi choo." Kweli, haifungi. Lakini inaweza kuchubua tumbo na kuchosha figo, na kwa mtu anayepata kemo, yaani dawa za kuua saratani, ambaye chembe za kugandisha damu zimeshuka, inaweza kumtoa damu. Hata Panadol tunayoidharau huficha homa, na homa kwa mgonjwa wa kemo ni sababu ya kukimbia hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo akiwa haamshiki, au anapumua polepole mno, au tumbo limevimba, anatapika na hata hewa haitoki: hapo si pa kumwongezea dawa ya choo nyumbani.

Nairobi Hospice, kituo cha kuwatuliza maumivu wagonjwa wa maradhi mazito, iko pembeni mwa Hospitali ya Kenyatta tangu 1990. Elimu hii haikushuka na ndege ya jana, basi kwa nini bado familia inaigundua siku ya tano, mgonjwa akiwa ameshakata tamaa na dawa yenyewe? Wengine huimwaga chupa na kurudi kwenye maumivu, halafu tunaambiwa mgonjwa "alikataa matibabu."

Sista aliyetuokoa, katika kliniki nyingine, alimuuliza Mama habari za choo kabla ya kumuuliza habari za maumivu. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza kama mvua imenyesha huko mlikotoka. Kisha akaniambia nichore safu ya tatu, ya choo, kwenye daftari langu la saa na mililita.

Sasa siulizi. Mama hutazama dirishani, akasema, "Andika. Leo nimeenda."